Kiingereza kwa Magoti na Viwiko: Namna ya Kutengeneza Somo la Mazoezi kwa Mtindo wa Zuiikin' English

Mwaka 1992 kituo cha Fuji TV nchini Japani kilirusha kipindi kilichoitwa Zuiikin' English. Wasichana watatu waliovalia nguo za erobiki, tabasamu halibanduki usoni, walirusha mikono na kupinda magoti huku wakirudia sentensi kama "I have a bad case of diarrhea" na "I was robbed by two men". Zoezi lilikwenda sambamba na igizo fupi la balaa lenyewe. Vipande vya kipindi hicho viliposambaa intanetini miaka ya 2000, watu walicheka, na wengi wakaishia hapo hapo kwenye kucheka. Mwalimu wa lugha akikitazama kwa jicho la kazi anaona kingine: sentensi moja, mdundo mmoja, na marudio mengi ambayo mwanafunzi hayahesabu kwa sababu akili yake iko kwenye miguu. Somo la namna hiyo unaweza kulitengeneza mwenyewe ukiwa na simu, nafasi ya mita mbili kwa mbili na subira ya kuhesabu hadi nane.

Watazamaji wa Japani walikuwa na mazoea ambayo wewe huenda huna mbele yako. Rajio Taiso, mazoezi ya viungo ya redioni, yalianza tarehe 1 Novemba 1928. Yalisimama kwa muda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yakarudi mwaka 1951, na hadi leo NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, huyarusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Seti yake ya kwanza ina harakati 13 zinazofuata piano kwa dakika tatu na ushee, na watoto wakati wa likizo ya kiangazi huenda uwanjani na kadi ya kugongewa muhuri kila wanapohudhuria. Kiingereza nacho kilishazoeleka kupewa muziki: mwaka 1946 Hirakawa Tadaichi alianza kufundisha mazungumzo redioni, na wimbo wa kufungulia kipindi chake ulitumia lahani ya wimbo wa watoto uliojulikana na kila mtu. Kisha mwaka 1990 Wajapani waliosafiri nje ya nchi walivuka milioni 10 kwa mara ya kwanza. Ukiunganisha hayo, huoni ajabu kwamba sentensi za Zuiikin' English ni za msafiri aliyefikwa na mkosi: tumbo limechafuka, wezi wamepita, roho iko mkononi.

Kuna jambo moja ambalo kipindi hicho hakikulipatia, nawe usilirithi. Mara nyingi harakati zake zilikuwa za erobiki tu, hazihusiani na maana ya maneno. Mwaka 1965 Shirou Kunihira na James Asher wa Marekani walichapisha utafiti wa kufundisha Kijapani kwa njia ya amri: mwanafunzi anasikia "simama", anasimama; anasikia "tembea", anatembea. Pale mwili ndio unaobeba maana. Somo zuri huchukua maana kutoka kwa Asher na mdundo kutoka kwa erobiki. Harakati isiyobeba maana wala mkazo wa neno ni jasho la bure.

Kuchagua sentensi

Chukua sentensi moja kwa somo moja. Iwe ya silabi tano hadi tisa, iwe na maneno matatu au manne yenye mkazo, na iwe ya janga dogo ambalo mtu anaweza kweli kukutana nalo. Ipeleke kwanza kwa mtu anayekijua Kiingereza vizuri, kwa sababu mwili hauchagui: ukikaririshwa kosa, unalishika kosa. Mfano uko ndani ya Zuiikin' English yenyewe. Moja ya sentensi zake maarufu ni "Spare me my life!", ilhali Kiingereza cha kawaida ni "Spare my life" au "Spare me" peke yake. Aliyeirudia ile ya kwanza akiwa anaruka ataondoka nayo hivyo hivyo, na kuing'oa baadaye ni kazi kuliko kuifundisha upya.

Hapa tutatumia "Somebody took my left shoe", mtu amechukua kiatu changu cha kushoto. Inafaa Japani, ambako viatu huvuliwa mlangoni, na inafaa vile vile kwenye baraza la msikiti wowote wa pwani. Ina silabi saba na mikazo minne: SOME-, TOOK, LEFT, SHOE.

Iangalie vizuri, kwa kuwa ugumu wote wa Kiingereza kwa msemaji wa Kiswahili umejaa humo. Pigo la kwanza lina silabi tatu (some-bo-dy), la pili lina mbili (took my), la tatu moja, la nne moja. Mapigo yote manne yanachukua muda sawa. Katika Kiswahili kila silabi hupewa haki yake na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu hutaka kusema "sambódi" na kuipa kila silabi nafasi yake. Wajapani wana tatizo la jirani, maana nao silabi zao karibu zote huishia kwenye irabu: "left" kwao huwa "refuto" kama kwetu inavyokuwa "lefti". Mazoezi ya mwili yanafaa hapa kuliko maelezo ya ubaoni, kwa sababu goti halikubali kungoja silabi ya ziada.

Kuipa sentensi miguu

Fungua programu ya metronomu, yaani ya kugonga mapigo kwa kasi isiyobadilika, kwenye simu na uiweke kwenye mapigo 96 kwa dakika. Hesabu nane kwa kasi hiyo huchukua sekunde tano kamili. Sentensi inakaa kwenye hesabu 1 hadi 4. Hesabu 5 hadi 8 ni kimya, ya kupiga hatua papo hapo na kuvuta pumzi. Anza ukiwa umesimama na uzito wako mguu wa kushoto.

Hesabu 1, "Somebody": mguu wa kulia unatoka pembeni kama upana wa mabega, mkono wa kulia unanyooshwa mbele, kidole kikimwonyesha mshukiwa asiyeonekana.

Hesabu 2, "took my": mguu wa kushoto unafuata na kugusa chini kwa ncha ya vidole bila kubeba uzito. Ngumi ya kulia inavutwa kwa nguvu hadi ubavuni, kiwiko nyuma. Kiwiko kikifika mwisho, sauti ya k inakatika hapo hapo.

Hesabu 3, "left": goti la kushoto linapanda hadi usawa wa nyonga, kiganja cha kushoto kinaligusa.

Hesabu 4, "shoe": mguu wa kushoto unarudi pembeni kushoto na kukanyaga kwa uzito wote. Irabu ya "shoe" ivutwe hadi mwisho wa pigo.

Hesabu 5, 6, 7, 8: kulia, kushoto, kulia, kushoto, hatua za papo hapo. Uzito unaishia kushoto, mguu wa kulia uko huru, raundi inaanza tena bila kuchechemea.

Zoezi hili linaufanyisha kazi mguu mmoja tu, kwa hiyo baada ya raundi nane geuza upande: "Somebody took my right shoe", kila kitu kinyume chake. Ili kubadilisha bila kusimama, raundi ya nane ifungwe kwa kulia, kushoto, kulia, halafu kwenye hesabu ya 8 mguu wa kushoto uguse tu chini bila kubeba uzito. Sasa ndio ulio huru kuanza. Wengi husahau mguso huu. Darasa zima linajikuta na mguu usio sahihi na sentensi inavunjika katikati.

Kugeuza upande kuna faida nyingine. "Left" na "right" zinamlazimisha mtu kutenganisha l na r, jambo linalowasumbua Wajapani na linalowasumbua pia wasemaji wengi wa Kiswahili ambao lugha zao za nyumbani hazizitenganishi herufi hizo. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu. Kwenye r ya Kiingereza ncha ya ulimi haigusi popote na midomo inajikusanya kidogo. Mwambie mwanafunzi apandishe goti la upande anaousikia, kisha umtamkie moja moja bila mpangilio. Anayepandisha goti la kulia uliposema "left" amekuonyesha tatizo liko masikioni, na hapo kumrekebisha ulimi ni kupoteza muda. Rudi kwenye kusikiliza.

Dakika kumi zinavyogawanyika

Igizo lichukue kama dakika moja na robo. Kuieleza sentensi na kuitamka polepole, dakika moja. Kupasha mwili joto bila kusema chochote, dakika mbili: hatua za papo hapo, kuzungusha mabega, kupinda magoti kidogo, kuzungusha vifundo vya miguu. Usikate hapa, kwa kuwa "left" inataka goti lipande ghafla.

Ndipo sentensi iingie kwa vipande. Mikono tu na sauti, mapigo 80, raundi nne. Miguu tu bila sauti, mapigo 96, raundi nne. Kisha vyote pamoja, raundi nane upande wa kushoto na nane upande wa kulia. Katika raundi nne za mwanzo kiongozi aseme na kutenda raundi moja, darasa lijibu raundi inayofuata. Aliyekimbia mchakamchaka shuleni hahitaji kuelezwa namna ya kuitikia bila kupoteza hatua. Nne zinazobaki wote waseme pamoja. Pumzika nusu dakika, panda hadi mapigo 108, raundi nne kila upande. Usiende mbali zaidi ya hapo na wanaoanza. Kwenye mapigo 120 silabi tatu za "somebody" zinabaki na nusu sekunde tu, na watu huanza kumeza maneno.

Dakika tatu za mwisho ndizo zinazoamua kama umefundisha Kiingereza au umefundisha dansi. Kwanza badilisha maneno ya hesabu ya 3 na ya 4: "my new phone", "my blue bag", "my black belt". Yote ni silabi moja moja, na hilo ni kusudi. Ukiweka "umbrella", mkazo unaangukia silabi ya pili na goti linapanda mahali pasipo na mkazo. Maneno ya aina hiyo yasubiri somo lake. Pili, ondoa harakati kidogo kidogo: raundi mbili za mikono tu, mbili za kugonga kidole pajani, mbili za kusimama wima bila kutikisa mwili. Tatu, rudia igizo, lakini safari hii mhusika anyamaze pale penye sentensi na mwanafunzi aiseme. Ukiruka hatua hizi utapata mtu anayesema sentensi vizuri kabisa mradi goti lake liko juu, na mbele ya karani wa hoteli anababaika.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mguu unatua kabla ya "shoe". Karibu kila mara mtu amesema "lefti". Irabu aliyoongeza imekula pigo la nne. Mzuie asishushe mguu: abaki na goti juu, meno ya juu kwenye mdomo wa chini kwa f, ulimi ufunge kwa t, na pumzi isitoke. Ashushe mguu huku ulimi ukiwa bado umefunga. Sauti ya t itafunguka yenyewe ndani ya "shoe" na irabu ya ziada haina pa kuingilia.

Mkazo unahamia "-bo-". Mwambie anong'one "-body" na kutoa sauti kamili kwenye "some" pekee. Baada ya raundi tatu nne, mnong'ono unageuka silabi nyepesi za kawaida.

Sauti inakabwa. Mtu anapojikaza tumbo kwa nguvu, kama anayenyanyua gunia, koo hujifunga na kuzuia pumzi kifuani. Ndiyo sababu pushapu, kuruka kichura na mazoezi ya tumbo hayafai kuchanganywa na sentensi mpya. Ukitaka kuyatumia, neno litamkwe wakati wa kutoa pumzi tu, yaani mwili unapopanda kwenye pushapu, na liwe neno moja.

Wanahema. Kipimo ni rahisi: mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja anafanya mazoezi makali mno kwa somo la lugha. Mrudishe kwenye hatua za papo hapo na usipunguze mapigo, kwa sababu mapigo yakipungua wenzake wote wanavurugika.

Darasa linapiga kelele badala ya kutamka. Kelele husawazisha silabi zote, na hapo mkazo umekwisha. Punguza sauti ya muziki, nao watashusha zao.

Uchekeshaji

Siri ya Zuiikin' English ni uso. Wasichana wale hawacheki, hawakonyezi kamera, hawaonyeshi kwamba wanajua kuna kichekesho. Wanatangaza kuharisha kwa utulivu wa mtangazaji wa hali ya hewa. Mtangazaji wako akianza kucheka, mtazamaji anamwachia kazi ya kucheka na yeye anabaki kutazama tu. Kwa hiyo rudieni igizo mara kadhaa kabla ya kurekodi, hadi kicheko cha wahusika kiishe.

Igizo liwe na watu wawili, mahali pamoja, na sentensi isikike mara tatu: mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa mtu asiyejali, mara ya tatu kwa mtu mbaya kabisa wa kuambiwa. Mtu anatoka ndani, anatazama safu ya viatu, kimoja hakipo. Anamwambia mlinzi. Mlinzi anamwonyesha viatu vingine kumi vya kushoto, achague. Anapomgeukia mzee anayepita ili amlalamikie, macho yanashuka hadi miguuni mwa mzee, ambaye amevaa viatu viwili vya kushoto. Msiieleze. Kata, muziki, hesabu ya nane, zoezi.

Kucheka lafudhi ya mtu hakufai. Mwanafunzi aliyekuja kwa sababu anaona haya kutamka ndiye wa kwanza kufunga mdomo. Mcheke kiatu.

Kurekodi

Simu isimamishwe kwa ubavu ili picha iwe pana, kwa umbali unaotosha kuonyesha mwili wote, kwenye kimo cha kitovu. Ukiiweka juu zaidi magoti yanaonekana mafupi na mtazamaji hajui apandishe hadi wapi. Miguu yote ionekane muda wote, pamoja na kipande cha sakafu mbele yake. Kwenye vigae vinavyoteleza usifanye na soksi: viatu vya raba au miguu mitupu.

Sentensi yetu ina mtego wa kamera. Mtangazaji anayekutazama akipandisha goti la kushoto, wewe unaliona upande wako wa kulia, na anatamka "left". Nusu ya watazamaji wataiga macho, nusu masikio. Kuna njia mbili. Apige zoezi akiwa ameipa kamera mgongo, au video igeuzwe kama kioo wakati wa kuhariri, ili goti lake la kushoto lionekane kushoto kwako. Ukichagua ya pili, maandishi ya skrini yawekwe baada ya kugeuza, na fulana isiwe na maneno, la sivyo yatasomeka kinyumenyume.

Sauti ya simu iliyo mbali inachukua vishindo vya miguu kuliko konsonanti, na konsonanti za mwisho ndizo unazofundisha. Weka simu ya pili, ikirekodi sauti, kwenye mfuko wa kifuani wa mtangazaji, au kwenye kiti karibu naye nje ya picha. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri unalinganisha mlio wa kofi na mikono inapokutana. Maandishi ya sentensi yatokee neno kwa neno juu ya pigo lake, silabi yenye mkazo ikiwa kubwa kuliko nyingine.

Katika mazoezi ya televisheni ya NHK mara nyingi kuna mtu mmoja anayefanya yote akiwa ameketi kitini, sambamba na waliosimama. Iga hilo tangu video ya kwanza, kwa ajili ya wazee, wajawazito na wenye maumivu ya magoti. Kiti kisiwe na magurudumu wala mikono, mtu akae nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini. Hesabu 1 na 2 zinabaki zilivyo kwa mikono. Hesabu 3, kisigino cha kushoto kinanyanyuka na kiganja kinagusa goti. Hesabu 4, kisigino kinashuka kwa kishindo. Hesabu 5 hadi 8 ni kunyanyua visigino kwa zamu, kulia kwanza. Mapigo ni yale yale 96.